Farumi, Tanga na Barafu: Stima ya Kesho Itatoka Wapi?

Maneno haya niliyasema barazani mbele ya Ngome, Lamu mjini, baina ya alasiri na magharibi. Waliokuwa baharini, na walioko Faza na Kiunga, wameniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.

Assalaam alaikum. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioparamia ukuta kule nyuma, mwanisikia? Kama hamnisikii semeni. Kipaza sauti hiki chatumia betri, na betri yenyewe nimeichaji leo asubuhi kwa jua. Ikizimika katikati ya maneno, mtakuwa mmelipata somo kabla sijalifikia.

Nimeombwa nizungumze juu ya stima ya nchi hii: miaka ishirini, thelathini ijayo, itatoka wapi? Mimi si profesa. Ni fundi wa umeme tangu nina miaka kumi na tisa, na kabla ya hapo nilikuwa baharia katika jahazi la ami yangu, kazi yangu kubwa ikiwa kufua maji ngamani na kukemewa. Basi nitaieleza stima kwa lugha ya chombo, maana ndiyo niliyoijua kwanza.

Nani hapa amesoma kwa kandili? Inueni mikono. Haya, teremsheni, nyote mmezeeka.

Mwakumbuka kabla waya ya taifa haijafika huku, mji huu uliwashwa kwa jenereta za dizeli. Nilikuwa msaidizi pale, kijana wa kutumwa. Jenereta haina maneno. Mwambie waka, yawaka. Mwambie zima, yazima. Mwenye kisirani ni pipa. Mafuta yasafiri njia ile ya Garsen mnayoijua, yafike Mokowe, yavushwe maji, na mvua za masika zikiikata barabara, sisi tukae tukitazamana. Nilikuwa na kijiti cha kupimia tangi. Kila usiku nakitumbukiza, nakitoa, natazama unyevu wa mafuta umefika wapi. Nilikikata kwa kisu alama nne. Ile ya chini kabisa tuliiita Mkesha, kwa sababu mafuta yakifika hapo hakuna alalaye: ni kuamua mtaa gani uzimwe, na nani atakwenda kuwaeleza wenye mtaa. Mara nyingi aliyetumwa ni mimi.

Sasa linganisheni na jahazi la ami. Upepo hauamrishwi. Hakuna aliyemwambia kaskazi avume mwezi wa sita. Lakini pia hakuna aliyetuuzia. Ami hakupata kusimama ufukweni akingoja pipa la upepo livushwe kutoka Mokowe. Yeye kazi yake ilikuwa hesabu: kaskazi yaingia Desemba, kusi yaja Aprili, na katikati kuna maleleji, upepo usio na kwao. Mwenye hesabu alifika. Asiye na hesabu alikaa bandari ya watu akila akiba yake.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo langu la leo, mengine yote ni maelezo yake. Nchi hii yatoka kwenye pipa na kurudi kwenye tanga. Karibu sehemu tisa kwa kumi za stima ya Kenya zatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mataifa makubwa ndiyo kwanza yavuta kamba. Na kurudi kwenye tanga kwataka watu wajuao hesabu ya tanga. Je, hesabu hiyo imebaki kwa nani, kama si kwa watu wa mwambao?

Nianze na farumi. Vijana, mwaijua farumi? Ni mawe au mchanga uwekwao chini ya chombo kisicho na shehena, kisipinduke. Farumi haikupeleki popote. Lakini pandisha tanga bila farumi uone.

Farumi ya Kenya ni Olkaria, kule Naivasha. Chini ya ardhi ya Bonde la Ufa kuna moto, juu ya moto kuna miamba yenye maji, na maji yale yakitobolewa kisima hupanda kuwa mvuke. Mtambo wa kwanza ulianza kufanya kazi mwaka 1981. Leo mvuke pekee watoa kama sehemu nne kwa kumi za stima yetu. Haujali kiangazi, haujali wingu, haujali usiku. Tena haujali kama tunautaka au hatuutaki: saa nane za usiku nchi ikilala, kuna siku mvuke huachiliwa ukaenda zake hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Liwekeni akilini hilo, nitalirudia.

Zamani farumi yetu ilikuwa Mto Tana. Tana ni jirani yetu, waingia baharini pale Kipini, na kabla ya kutufikia hupita kwenye mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa miaka mingi nchi iliegemea maji hayo. Kisha kikaja kiangazi cha 1999 kuingia 2000. Maji yakashuka, stima ikagawiwa kwa zamu Nairobi na Mombasa. Dada yangu alikuwa ameolewa Mombasa, Majengo. Alinipigia simu kwa jirani yake, analia: samaki wa biashara yake wameoza ndani ya friji, mara ya pili mwezi ule. Nami huku Lamu taa yangu yawaka, kwa sababu hatukuwa kwenye waya yao! Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, njoo Amu kwenye jenereta. Hakunijibu, akakata simu, na hakunipigia tena mpaka Idi.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Mimi sikuwa na akili kumshinda, nilikuwa na pipa tu. Lakini tokea siku ile naogopa mtu aniambiaye chombo chote kisimame juu ya mlingoti mmoja. Mto ni mwema, kiangazi kikija hauna la kufanya. Na viangazi vyetu, nyinyi wakulima wa Mpeketoni na Witu mwavijua, havikai tena kwenye miezi yake.

Haya. Sasa lile mnalolingoja. Naona mzee pale ameshavua miwani.

Makaa ya mawe. Mtambo uliopangwa kujengwa Kwasasi, huku kwetu Lamu. Megawati 1,050.

Sitarudia mambo ya moshi na majivu na mikoko. Mmeyasema wenyewe, tena vizuri kunishinda, miaka ile mlipokuwa mkienda mikutanoni na mabango. Mimi niliyaangalia kwa jicho la fundi, na fundi huuliza kwanza: mzigo ni kiasi gani? Mwaka 2019 nchi nzima, saa ile ya usiku ambapo kila taa yawaka na kila televisheni yasema, matumizi yalikuwa hayajafika megawati 2,000. Nchi nzima! Na hapa Lamu uwekwe mtambo mmoja wa zaidi ya nusu ya hiyo. Mtambo huo ukikohoa, Kisumu wazimikiwa. Tena mikataba ya mitambo mikubwa hulipwa hata kama stima haikutumika. Mashine imesimama, mwenye mashine alipwa, na mlipaji ni wewe uliyenunua tokeni ya shilingi mia. Na makaa yenyewe? Mpango ulikuwa yaanze kwa kuletwa na meli kutoka Afrika Kusini. Nilipolisikia hilo nilikumbuka kijiti changu. Pipa lile lile, wazee wangu. Limekuwa kubwa tu.

Juni 2019 baraza la kitaifa la mashauri ya mazingira lilifuta leseni ya mradi, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Rufaa ikaenda Malindi, na Oktoba 2025 mahakama pale ikaitupa. Miaka ile ile, Waingereza, ambao ndio walioufundisha ulimwengu kuchoma makaa kupata stima, pale London mwaka 1882, walikuwa wakifunga vituo vyao kimoja kimoja. Cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Miaka 142. Mwenye duka afunga mlango, na sisi twaambiwa tuingie kwa dirishani?

Nisije nikaonekana nawapaka mafuta, niseme na la upande wa pili. Kukataa kulikuwa haki, lakini kukataa hakuwashi taa. Waliotaka makaa walikuwa na hoja moja ya kweli: nchi inakua. Mwaka 2025 matumizi ya saa za kilele yalipita megawati 2,300. Mkataa pema pabaya pamwita, lakini mkataa pabaya naye lazima aonyeshe pema ni wapi.

Basi twendeni tukapatafute. Twende Loiyangalani.

Kando ya Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, kuna mapangaboi 365 ya upepo, jumla megawati 310. Upepo wa kule, sijui niufananishe na nini. Ni kusi isiyochoka. Mapangaboi yale yalikuwa yamesimamishwa yote kufikia 2017. Yakasimama kweli! Mwaka ukaisha na zaidi, hayakupeleka hata uniti moja, kwa nini? Waya haikuwa tayari. Zaidi ya kilomita 400 mpaka kituo cha stima cha Suswa, haikukamilika hadi Septemba 2018. Upepo upo, mashine ipo, pesa zishatumika, na kati ya upepo na balbu hakuna njia. Wazee walisema vyaelea vimeundwa. Watu huona tanga, hawaioni kamba. Mkiambiwa habari za paneli na mapangaboi, ulizeni: waya iko wapi? Na waya yapita shamba la nani? Kule Marsabit suala la ardhi lilifika mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ikasema hati za ardhi ile hazikutolewa kihalali. Sisi tuliokaa Lamu miaka mia kadhaa bila hati mkononi hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Halafu kuna jambo la pili juu ya upepo ule, na hili ndilo linalonikosesha usingizi kama fundi: wavuma zaidi usiku wa manane mpaka alfajiri. Mnakumbuka mvuke unaoachiliwa saa nane za usiku? Basi saa ile ile Turkana nayo yaja na mzigo wake. Wageni wawili wamebisha hodi pamoja, na mwenye nyumba amelala. Kisha mchana jua la Garissa na la Langobaya, hapo Malindi, lamiminika. Kisha jua lazama saa kumi na mbili na nusu, na saa moja hadi saa nne usiku kila mtu afika nyumbani, awasha taa, apiga pasi, afungua televisheni. Saa zile jua hakuna, upepo wa Turkana haujapata nguvu zake, na hapo ndipo majenereta ya mafuta kule Mombasa huwashwa, stima ghali kushinda zote.

Kwa hivyo nikiulizwa Kenya ina upungufu wa stima, nasema: saa ngapi? Niambie saa, nikwambie upungufu.

Hesabu hiyo ndiyo itakayobadilika miaka ijayo kushinda vyanzo vyenyewe. Jirani atakuwa sehemu ya hesabu: tangu 2022 twanunua stima kutoka Ethiopia, tukianza na megawati 200, kwa waya ya zaidi ya kilomita elfu moja, na Tanzania nako waya imeunganishwa. Huko mvua si yetu na kiangazi si chetu, kwa hivyo mmoja akiishiwa mwenzake huwa nacho. Ni mambo ya kuazimana chumvi, ila twaazimana mto. Betri kubwa zitakuja. Na nyuklia? Watu wa Uyombo, kule Kilifi, walitoka njiani mwaka 2024 kuikataa. Mimi siiogopi nyuklia kama baadhi yenu, lakini ni mlingoti mkubwa tena, wachukua miaka mingi kuusimamisha, na wakati huo paneli za jua, ambazo bei yake ilianguka kwa karibu asilimia 90 katika miaka kumi tangu 2010, zitakuwa zimeshapigwa misumari juu ya kila paa. Niliyasema, nimepita.

Sasa turudi nyumbani. Naombeni utulivu, hapa ndipo penye kazi.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua paneli mbili na betri moja, nikafunga darini kwangu. Nilijivuna mno. Fundi wa mtaa ana stima yake! Usiku nikawasha feni, taa nne, televisheni, na shemeji yangu akaja kuchaji simu za jamaa zake wote. Betri ikafa mwezi wa kumi na moja. Nikataka kwenda kumfokea muuzaji. Kisha nikakaa na karatasi nikapiga hesabu, nikaona muuaji ni mimi. Kila usiku nilikuwa naikamua mpaka tone la mwisho, na betri ya aina ile, ya madini ya risasi, ukiimaliza kila siku yafupika umri. Nilikuwa na kijiti cha kupimia tangi miaka yote ile, na kwenye betri sikuweka kijiti.

Lakini sikilizeni. Betri si lazima iwe betri.

Wavuvi wa Kizingitini, mko? Nawaona. Barafu mwaipata vipi? Twajua sote: mtu anagandisha usiku kwenye friji, analipa tokeni, stima ikipotea yayeyuka, au inavushwa na mashua ikifika nusu ni maji. Samaki aliyevuliwa kwa jasho aharibika kwa ukosefu wa jiwe la maji. Haya, pigeni nami hesabu. Mashine nzuri, kwa uniti moja ya stima, yagandisha kama kilo kumi za barafu. Paneli za kilowati moja, kwa jua letu hili la Lamu, siku njema zatoa uniti nne mpaka tano. Basi ni kilo arobaini, hamsini za barafu, zimetengenezwa adhuhuri jua likiwa kichwani, bila betri hata moja. Uifunike vizuri ndani ya sanduku lenye maboya mazito ya kuzuia joto pande zote. Usiku wa manane ukifungua, jua la mchana limo humo, limeganda.

Barafu ni betri. Semeni.

Nimesikia sauti za vijana tu, wazee mko wapi? Barafu ni betri!

Maji yaliyopandishwa mchana kwenye tangi la juu, nayo ni betri. Vaeni nguo zilizopigwa pasi saa saba, si saa mbili usiku. Hizo ndizo hesabu za tanga nilizosema. Ami hakujua neno megawati, lakini alijua huwezi kulazimisha safari kwenye upepo usiokuwepo. Waisogeza safari ikaufuate upepo.

Mama zangu, sijawasahau, na najua mnaniangalia mkisema huyu azungumza taa tu. Mna haki. Nchi hii moto wake mkubwa hauko kwenye waya hata kidogo, uko kwenye mafiga. Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zapikia kuni. Hapa Lamu tuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi, na kila mmoja wetu ajua mkoko mkavu unavyowaka vizuri na jinsi unavyochelewa kuota. Mama muuza mahamri pale Langoni, jirani yangu, ana jiko tatu: la gesi akiwa na pesa, la makaa akiwa nazo kidogo, na mafiga mwisho wa mwezi. Hakuliacha hata moja, huzidisha tu. Nchi nazo hufanya vivyo hivyo. Mwasikia wakisema mwaka fulani tutahamia nishati safi, kana kwamba ni kuhama nyumba. Mtu aongeza jiko jipya, la zamani alisukuma pembeni, na mambo yakiwa magumu alirudia. Nilimuuliza, ukipata stima ya bei nafuu, utakaangia? Akanijibu: "Karai langu lataka moto usiokatika katikati ya mafuta ya moto. Nihakikishie hilo kwanza, bei tutaongea." Sina jibu la kumpa, bado.

Muadhini ameshapanda, namuona, basi nimalize kwa kazi.

Wavuvi wa Kizingitini na wa Faza: kila chombo kiandike kwa mwezi mmoja, barafu kilo ngapi kwa safari, bei gani, na samaki kiasi gani wametupwa. Andikeni kwenye daftari, msiseme kwa kinywa, maana kinywani kila mvuvi amepoteza papa. Wenye mita za tokeni, wekeni risiti. Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi huo, alasiri, nitakaa baraza ile pale karibu na duka la halua, tuhesabu pamoja paneli ngapi zatosha na nani atazisafisha chumvi. Msicheke, chumvi ya bahari yaganda juu ya paneli, na asiyekubali kupanda na kitambaa kila wiki asitie jina lake.

Na yule kijana aliyeniuliza kabla hatujaanza, kama friji ya marehemu babu yake yaweza kugeuzwa ikafanya kazi kwa jua mchana peke yake: kijana wangu, niletee kesho, kwa punda, si begani. Kompresa ikiwa nzima tutajaribu.